Kliniki huchelewa, chungu huwahi

Msimu wa choroko ukifika, magunia ya Bariadi, Itilima na Maswa, mkoani Simiyu, hufuata njia moja: kutoka shambani hadi ghala la chama cha ushirika, kutoka ghalani hadi mnadani, kutoka mnadani hadi kwenye lori. Dengu nazo, zile zinazopandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea kukatika, hufuata nyuma. Sehemu kubwa ya mazao haya huishia India, ambako choroko na dengu ni chakula cha kila siku cha tajiri na maskini. Simiyu hubaki na fedha. Kwenye sinia hubaki ugali wa mahindi au wa muhogo, wali siku za neema, maziwa kwa mwenye ng'ombe, na michembe ya viazi vitamu kiangazi kikikaza. Sina ugomvi na biashara hiyo; mkulima hulima ili auze. Ninachodai ni kwamba ndani ya magunia yale mkoa unauza pia kirutubishi ambacho wanawake wake wanakihitaji kuliko wanavyoambiwa, kisha unasubiri zahanati ikirudishe kwa njia ya kidonge, wakati saa ya kukihitaji zaidi imeshapita.

Kirutubishi hicho ni foleti, vitamini ya kundi B inayopewa namba 9. Kikitengenezwa kiwandani kwa ajili ya vidonge na unga huitwa asidi ya foliki. Kazi yake kubwa ni moja: bila foleti, seli ya mwili haiwezi kunakili vinasaba vyake ili igawanyike ikawa mbili. Ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza pale seli zinapozaliwa kwa kasi, yaani kwenye uboho unaotengeneza damu na kwenye tumbo la mama anayebeba mtoto. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alieleza jinsi wajawazito maskini wa Bombay, wengi wao vibarua wa viwanda vya nguo, walivyokuwa wakipungukiwa damu kwa namna ambayo madini ya chuma peke yake hayakuitibu. Chembe zao nyekundu zilikuwa chache na kubwa kupita kiasi, kama seli zilizonenepa zikashindwa kugawanyika. Alichowaponya nacho kilikuwa kitu cha bei rahisi kilichotokana na hamira. Miaka 10 baadaye watafiti wa Marekani walichakata tani 4 za majani ya spinachi wakapata chembechembe za kitu kile kile, wakakipa jina kutoka neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mkoa unaoongoza nchini kwa pamba una sababu ya kukumbuka kwamba elimu hii ilianzia kwenye miili ya wanawake waliosokota pamba.

Hapa niseme neno kuhusu imani iliyoenea kwamba chekundu huongeza damu. Juisi ya rozela, bitiruti, nyanya iliyochanganywa na soda: mradi rangi ifanane na damu, basi ni dawa. Bitiruti kweli ina foleti ya kutosha kiasi, lakini si kwa sababu ya wekundu wake, na soda haina kitu. Choroko ni kijani, dengu ni kahawia, majani ya kunde ni kijani kilichokolea. Damu haichagui rangi.

Turudi kwenye saa, kwa kuwa hoja yote imeegemea hapo. Mtoto akiwa bado mdogo kuliko punje ya mchele, ubongo na uti wa mgongo wake huanza kama kipande bapa kinachojikunja pande mbili hadi kikawa mfereji uliofungwa juu na chini. Kazi hiyo hukamilika takribani siku ya 28 tangu mimba itungwe. Kwa hesabu ya mwanamke mwenyewe, hiyo ni kama wiki 2 tu tangu akose hedhi, wakati wengine ndiyo kwanza wanajiuliza kama ni mimba au ni uchovu wa kupalilia. Mfereji ukishindwa kufunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: miguu isiyo na nguvu, haja ndogo na kubwa zisizozuilika, na mara nyingi maji yanayojaa kichwani hadi kichwa kikawa kikubwa. Ukishindwa kufunga juu, mtoto hukosa sehemu kubwa ya fuvu na ubongo, na haishi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta watoto takribani 3 wenye hitilafu hizi katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Simiyu, yenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa ya 2022 na ambayo ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mkubwa nchini, huzaa makumi ya maelfu ya watoto kila mwaka. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Kisha afikirie safari ya mama mwenye kichanga kinachohitaji upasuaji ndani ya siku chache, kutoka kijiji cha Meatu hadi Bugando, Mwanza, au hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na safari nyingine zitakazofuata mrija wa kutoa maji kichwani ukiziba.

Kwamba foleti huzuia sehemu kubwa ya majanga haya si dhana tena. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha vituo 33 katika nchi 7, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye hitilafu hiyo. Waliopewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine walipunguziwa hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata watafiti wa Hungaria walionyesha faida hiyo hiyo kwa wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo, na mwaka 1999 China ilitoa ushahidi mkubwa kuliko wote, uliotokana na wanawake karibu robo milioni waliopewa mikrogramu 400 tu kwa siku. Katika mikoa ya kaskazini, ambako hitilafu hizi zilikuwa nyingi, walioanza kumeza kabla ya mimba walipungukiwa na hatari kwa karibu asilimia 80. Dunia haijui dawa nyingi za bei ya chini kiasi hicho zenye nguvu kiasi hicho. Kila moja ya tafiti hizo, hata hivyo, ina maneno matatu ambayo sera zetu huyaruka: kabla ya mimba.

Sasa tazama mpangilio wetu. Mama akifika kliniki hupewa vidonge vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, vile ambavyo watu huviita vidonge vya kuongeza damu. Ni jambo jema na asiache kuvimeza, kwani damu yake na ukuaji wa mtoto vinavihitaji hadi mwisho. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba ni takribani mwanamke mmoja kati ya wanne nchini aliyehudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Wengine walikwenda mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Na hata yule mmoja aliyewahi, akienda wiki ya 10, atakuta mgongo wa mtoto umeshafunga au umeshashindwa kufunga mwezi mmoja uliopita. Kumlaumu mwanamke kwa kuchelewa ni kukosa haki. Katika jambo hili kliniki yenyewe, kwa jinsi ilivyo, ni ya kuchelewa. Mlango wake hufunguka mimba ikishajulikana, na foleti inatakiwa mimba isijulikane bado. Kitu pekee kinachomfikia mwanamke kila siku, awe ameolewa au hajaolewa, awe amepanga mimba au imemkuta, ni chakula chake. Chungu huwahi.

Kina nini, basi, chungu cha Simiyu? Mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 za foleti kwa siku, mjamzito 600, anayenyonyesha 500. Gramu 100 za kunde zilizoiva zina takribani 200. Dengu zilizoiva zina kama 170, choroko 160, maharage ya kawaida 130 na kuendelea kutegemea aina. Karanga mbichi, gramu 100, hupita 200. Mchicha na majani ya kunde yakishapikwa hubaki na kati ya 50 na 60. Kirutubishi kimepewa jina la jani, lakini kwa hesabu ya sufuria mbegu ndiyo inayoshinda. Upande wa pili wa sinia ni wa kusikitisha. Wali mweupe hauna kitu cha kutaja. Unga wa mahindi usiokobolewa una kama 25 kwa gramu 100, na ukikobolewa ukawa sembe hupoteza virutubishi vingi pamoja na kiini. Viazi vitamu, na kwa hiyo michembe, ni kidogo. Maziwa ya ng'ombe, fahari ya mfugaji, yana kama mikrogramu 50 katika lita nzima. Ya mbuzi hayafiki hata hapo, ndiyo maana mtoto mchanga anayelelewa kwa maziwa ya mbuzi pekee huishia kupungukiwa damu. Nyama ya ng'ombe ni chini ya 10. Maini ndiyo tajiri katika mnyama, lakini yana vitamini A nyingi mno kiasi kwamba mjamzito hashauriwi kuyafanya mboga ya kila siku. Kwa maneno mengine, nyumba inaweza kuwa na zizi lililojaa na ghala la mahindi, ikaonekana kijijini kuwa imeshiba, na mwanamke wake akawa na njaa ya foleti.

Inatosha kiasi gani? Gramu 50 za choroko kavu, yaani viganja viwili hivi, zikiiva humpa mwanamke zaidi ya mikrogramu 200, nusu ya mahitaji yake ya siku. Kwa mwaka mzima hizo ni kilo 18 na ushei. Hazifiki hata moja ya tano ya gunia la kilo 100. Weka juu yake majani ya kunde, mgagani au mchicha, na kijiko cha karanga zilizopondwa kwenye mboga kama Wasukuma wanavyopenda, pengo linalobaki si kubwa. Choroko huiva shambani kwa miezi miwili hadi mitatu, huvumilia mvua chache, na hurudishia udongo naitrojeni ambayo pamba iliinyonya. Ni mazao machache mkoani yanayolipa mara tatu namna hiyo, kwa udongo, kwa mfuko na kwa mwili, na bado choroko tunaiona kuwa ya kuuza tu.

Upishi nao una lake. Foleti huogopa moto mrefu, huogopa mwanga, na zaidi ya yote huyeyuka katika maji. Spinachi iliyochemshwa kwenye maji mengi yakamwagwa imepimwa na kukutwa imepoteza karibu nusu ya foleti yake; iliyopikwa kwa mvuke haikupoteza kitu cha maana. Basi mboga ichambuliwe na kuoshwa kabla ya kukatwa, ipikwe kwa maji machache na mfuniko, iipuliwe ingali na kijani chake, na mchuzi uliwe. Nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa ambayo imewavusha Wasukuma kiangazi kwa vizazi vingi, ni hekima isiyopaswa kudharauliwa. Kasoro yake ni jua kali linalochoma moja kwa moja. Majani yaliyokaushiwa kivulini penye upepo hubaki na vitamini nyingi zaidi. Kwa kuwa huwezi kujua kiangazi kitakuacha na kiasi gani katika nsansa, kunde na choroko zilizohifadhiwa ndizo bima ya kweli kati ya Juni na Oktoba.

Hapo ndipo mtaalamu makini wa lishe atanizuia, na ana haki. Atasema foleti ya chakula haisharabiwi na mwili kama ile ya kiwandani. Asidi ya foliki inayoliwa na chakula huhesabiwa kuwa na nguvu mara 1.7 ya foleti ya asili. Atasema tafiti zote nilizozitaja zilitumia vidonge, na kwamba sahani ya choroko haijawahi kupimwa kwa namna ile. Ni kweli. Sidai kwamba choroko peke yake itafuta mgongo wazi Simiyu. Choroko na kunde zinajenga msingi: zinaondoa upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa foleti, zinamfikisha mwanamke kwenye mimba akiwa na akiba, hasa yule anayezaa watoto kwa kufuatana bila mwili kupumzika. Ghorofa ya juu ya msingi huo ni unga uliorutubishwa, nao pia hupikwa ndani ya chungu kile kile. Marekani iliamuru asidi ya foliki iwekwe kwenye unga kuanzia 1998, Chile 2000, Afrika Kusini 2003 kwa ngano na mahindi pia, na huko Afrika Kusini hitilafu hizi zilishuka kwa takribani asilimia 30. Uingereza, nchi ya Lucy Wills, ilibishana na nafsi yake kwa miongo mitatu kabla ya kupitisha sheria mwaka 2024. Sisi tulitangulia: kanuni za Tanzania za kurutubisha unga wa ngano na mahindi ni za 2011, na mpango wenyewe ulizinduliwa mwaka 2013.

Tulitangulia kwenye karatasi. Mkate na chapati za mjini hutoka viwanda vikubwa vya ngano ambavyo Serikali inaweza kuvihesabu kwa vidole na kuvikagua. Ugali wa Bariadi hutoka kwenye mashine ya kusaga ya kijiji. Mama hujitwika debe lake la mahindi, husagiwa, hulipa, huondoka na unga wa mahindi yake mwenyewe, na hakuna katika mnyororo huo mtu wa kutia kijiko cha virutubishi. Kanuni inayowafikia wanunuzi wa mkate na kuwaruka wasagishaji wa mahindi inawalinda wale waliokwisha kuwa na unafuu. Shirika la Sanku limeonyesha hapa hapa Tanzania kwamba kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mashine ya kawaida kinaweza kudondosha kirutubishi kwa kipimo sahihi kadiri unga unavyotoka, pamoja na madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Kifaa hicho hufaa zaidi kwa msagaji anayefungasha unga na kuuuza. Kwa yule anayesagia watu debe moja moja kazi ni ngumu zaidi, na sidhani halmashauri yoyote itaifanya kwa hotuba. Inahitaji ruzuku ya kirutubishi, ukaguzi na subira. Mkoa uliotangaza kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja, ukatoa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, unajua jinsi ya kuanzisha kiwanda kidogo. Unga wa Simiyu uliorutubishwa, wenye choroko au dengu ndani yake, ungekuwa bidhaa ya heshima kuliko chaki.

Kuna wasiwasi mwingine, wa vijiweni, kwamba unga uliotiwa kitu ni njama ya kufunga uzazi. Usicheke, watu waliowahi kuletewa mambo bila kuulizwa wana sababu ya kushuku. Jibu lake ni kwamba tumekwisha kula chakula kilichotiwa kitu kwa miaka mingi. Chumvi yetu inawekwa madini joto kwa kanuni tangu miaka ya 1990, na uvimbe wa shingo uliokuwa wa kawaida katika nyanda za juu umekuwa nadra. Uzazi haukufungwa. Asidi ya foliki, kwa bahati mbaya ya uvumi huo, ni kitu ambacho mwanamke anakihitaji hasa kwa sababu anaweza kushika mimba.

Wasiwasi mzito kuliko huo umetoka kwenye sayansi yenyewe, tena kisiwani Pemba. Watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti wa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba waliopewa vidonge hivyo waliugua sana na kufa zaidi, hatari ikiongezeka kwa karibu asilimia 12, na utafiti ukakatishwa njiani. Kisiwa kile wakati huo kilijaa malaria, na mkosaji mkuu anayetajwa ni madini ya chuma kwa watoto ambao hawakuwa na upungufu wake. Upande wa pili, utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka huo huo ulionyesha kwamba asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha dawa ya malaria ya SP kwa wajawazito wenye malaria, kwani SP huua vimelea kwa kuwanyima foleti. Kanda ya Ziwa ina malaria, na SP ndiyo kinga wanayopewa wajawazito wetu kliniki. Funzo la utafiti huo wa Kenya ni kipimo. Mikrogramu 400 hazijaonyesha madhara hayo. Miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya kiasi hicho. Kwa hiyo mjamzito asinunue dukani vidonge vya miligramu 5 kwa kushauriwa na jirani. Wapo wanaoandikiwa na daktari kwa sababu maalumu: mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa, na wagonjwa wa selimundu, ambao chembe zao za damu hufa upesi na kuhitaji kuzalishwa upya bila kupumzika. Hao wa mwisho si wachache kwetu. Vipimo vya watoto wa Kanda ya Ziwa vilikuta takribani mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu. Chakula, kwa upande wake, hakijawahi kumzidishia mtu foleti. Huo ndio uzuri mwingine wa choroko.

Wengine hukumbusha kwamba asidi ya foliki nyingi huficha upungufu wa vitamini B12, ambao huharibu neva kimya kimya. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu asiyegusa kabisa chakula cha mnyama. Kwa jamii inayokunywa maziwa, kuchinja, na kula dagaa wa Busega, na kwa unga ambao kanuni inataka utiwe B12 pamoja na foliki, ni tahadhari ya kukumbuka, haitoshi kuwa sababu ya kuacha.

Halafu kuna bibi zetu, wanaotajwa kila mjadala wa lishe unapoanza. Hawakumeza kidonge, husemwa, na walizaa watoto 10. Walizaa, na walizika pia. Mtoto wa mgongo wazi hakuandikwa popote. Alisemwa kuwa ni laana, ni mkono wa mtu, akafichwa ndani hadi alipokufa, na mama akabeba aibu isiyo yake. Tena bibi hao walikula vitu tulivyoviacha. Kunde na majani yake, njugu mawe, mgagani wa porini vilikuwa mboga ya kawaida kabla mboga haijawa nyanya, kitunguu na mafuta. Ukimtaja bibi, taja na chungu chake.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mkulima mwenyewe. Choroko ni ada ya shule, ni bati, ni dawa ya ng'ombe. Nani atamwambia apunguze fedha? Lakini hesabu ya kilo 18 haimpunguzii mkulima wa kawaida gunia hata moja kwa kila mwanamke wa nyumba yake. Shida haijawahi kuwa wingi wa kiasi kinachotakiwa. Shida ni mamlaka. Zao likiwa la mboga huwa mikononi mwa mama. Likipata bei, mizani na stakabadhi, huhamia mikononi mwa baba, na kutoka hapo njia ya kurudi jikoni ni ndefu. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani umemsaidia mkulima kupata bei ya mnada badala ya bei ya mlanguzi, na sitaki urudishwe nyuma. Ila maofisa ugani na viongozi wa ushirika wanaomhimiza mkulima apeleke kila kilo ghalani wangeweza kusema sentensi moja zaidi kuhusu zile zinazopaswa kubaki. Hawaisemi, kwa sababu kilo inayoliwa nyumbani haionekani kwenye takwimu za mauzo.

Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitiliana saini na wakuu wa mikoa mkataba wa lishe, na halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yake kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni mpango mzuri wenye upofu mmoja: hesabu ya fedha hizo inaanza mtoto akishazaliwa. Msichana wa miaka 17 wa sekondari anayekula makande mchana na ugali jioni hahesabiwi na mtu, ingawa ndiye atakayekuwa mama kabla ya bajeti mbili kupita. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba pale ambapo upungufu wa damu kwa wanawake umefika asilimia 20, wasichana na wanawake wapewe kidonge cha chuma na asidi ya foliki mara moja kwa wiki, hata kama hawana mimba. Kwetu kiwango hicho kilikuwa asilimia 45 katika utafiti wa 2015–16. Halmashauri za Simiyu zinaweza kuanza na shule zake: kidonge cha wiki kwa wasichana, na makande yanayopikwa kwa choroko na kunde zilizonunuliwa kwa wakulima wa kata ile ile. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuhimiza nchi zirutubishe chakula ili kuzuia mgongo wazi. Tanzania haina haja ya azimio jingine. Ina kanuni, ina choroko, ina mashine ya kusaga karibu kila kijiji.

Na wewe mwenye shamba, baba wa mabinti na mume wa mtu, usisubiri halmashauri. Msimu huu, kabla gunia halijapanda kwenye mizani ya ushirika, pima kilo 18 kwa kila mwanamke na msichana aliyevunja ungo nyumbani kwako, uzitie kwenye ndoo yenye mfuniko, umkabidhi mama. Zinazobaki uza.